UMEME NYUMBANI: MAMA ANAPASHWA KUJUA NINI?



Hapa Kisangani, maji ya Mto Tshopo yanazungusha mashine za baraji iliyojengwa miaka ya 1950. Mashine zinatoa umeme, na waya za SNEL zinauleta mpaka nyumbani. Umeme unatusaidia kupika, kupiga pasi na kuwasha taa. Lakini unaua pia. Tujibu maswali yenu.

Sababu gani umeme unaua?

Umeme unatafuta njia ya kwenda udongoni. Ukigusa waya iliyo uchi, mwili wako ndio unakuwa njia. Umeme wa nyumba una volti 220. Nguvu hiyo inaweza kukaza mkono usiweze kuachilia waya, tena inaweza kusimamisha moyo. Ngozi yenye maji inapitisha umeme kwa urahisi zaidi. Basi panguza mikono na vaa viatu vikavu mbele ya kugusa prizi au resho.

Umeme ukikatika, hatari imekwisha?

Hapana! Waya haikufa, inalala tu. Umeme unarudi saa yoyote bila kupiga hodi. Usianike nguo juu ya waya, wala usiache watoto wachezee waya hata kama mtaa wote uko gizani. Umeme ukienda, chomoa resho na pasi palepale. Ukisahau na kwenda sokoni, umeme utarudi, resho itawaka peke yake, na nyumba inaweza kuungua.

Na mtoto anayetambaa?

Yeye anajifunza kwa vidole na kwa kinywa. Funika matundu ya prizi. Chaja ya simu usiiache kwenye prizi, maana ataitia kinywani. Waya iliyochubuka usiifunge na kitambaa wala plastiki ya mfuko, ita fundi.

Mtoto ameshikwa na umeme. Nifanye nini?

1. HAPANA KUMSHIKA! Umeme utakushika na wewe, na mtakuwa wawili.

2. Zima swichi kubwa iliyo karibu na kontera.

3. Ukishindwa, simama juu ya ubao mkavu, sukuma waya kwa mti mkavu. Mchi unafaa, lakini si ule uliotoka sasa hivi kutwanga sombe: huo una maji. Usitumie chuma.

4. Umeme ukishatoka, angalia kama anapumua. Kama hapumui, inua kidevu, ziba pua, puliza mara 2 kinywani mpaka kifua kiinuke. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, upesi. Rudia 2 na 30 bila kuchoka, huku wengine wanatafuta namna ya kumfikisha hospitali.

5. Usimzike katika mchanga, usimnyweshe maziwa. Pahali palipoungua, mwagia maji safi ya baridi dakika 20. Usipake mafuta ya mawese wala dawa ya meno.

6. Mlete hospitali hata kama anacheka. Kidonda kidogo juu ya ngozi kinaweza kuficha kuungua kukubwa ndani, na moyo unaweza kusumbuka nyuma.

Waya ya barabarani ikianguka, mti mkavu hausaidii. Kaa mbali, metre 10 au zaidi, zuia watu, na uite SNEL.

Mama, mambo haya wafundishe baba, dada na watoto wakubwa. Siku ya hatari, labda wao ndio watakuwa nyumbani.