Injini Iliyozoea Theluji

Ukiivua bodi pikipiki ya theluji inayopozwa kwa maji na kutafuta rejeta, mara nyingi hutaiona. Maji ya injini hupita kwenye njia bapa za alumini zilizofungwa chini ya tumbo la chombo, juu ya mkanda mpana wa mpira unaokisukuma, na mkanda huo huzirushia theluji muda wote. Theluji inayeyuka, joto linaondoka nayo. Ukipita kwenye barafu tupu au barabara kavu, mshale wa joto hauchelewi kupanda.

Naanza na rejeta isiyokuwapo kwa makusudi, maana injini hiyo huhamishiwa pia kwenye ndege. Anayeunda ndege yake mwenyewe kwa fedha za kuungaunga huanza na bei ya injini, na bei hiyo humvutia. Injini mpya iliyothibitishwa kwa ndege huuzwa kwa bei ya gari zuri. Mtambo mkuukuu wa theluji hupatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, tena ni mwepesi kuliko injini ya gari. Hesabu si ya uongo, ila imesahau kazi ambazo theluji ilikuwa ikiifanyia injini bure.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1970 Bombardier ya Quebec, waundaji wa pikipiki za theluji za Ski-Doo, iliichukua Rotax ya Austria, watengenezaji wa injini. Kule Minnesota, injini ya Cuyuna nayo ilitoka kwenye ukoo wa pikipiki za theluji. Kisha mwaka 1976, kwenye maonyesho ya ndege ya Oshkosh, John Moody akaruka na tiara la kubeba mtu alilolifunga injini ya kigari cha mbio, yenye nguvu farasi kama 12 tu. Alipaa kwa kukimbia na miguu yake mwenyewe. Wengine walipotaka nguvu zaidi, injini za theluji zilikuwa jirani: nyepesi, nyingi zikipozwa kwa hewa, za kuwashwa kwa kamba. Sheria ya Marekani ya 1982 ikazidi kuzifungulia njia, maana ndege ya kiti kimoja yenye uzito mtupu wa chini ya takriban kilo 115, na tangi lisilozidi lita 19, ikaruhusiwa kurushwa bila leseni ya rubani. Ndani ya uzito huo injini ya gari haina nafasi. (Huku kwetu usichukue sheria hiyo kama yako, mamlaka za usafiri wa anga, TCAA ya Tanzania au KCAA ya Kenya, ndizo za kuulizwa kwanza, kabla hata ya kununua bolti.)

Karibu injini zote hizo za theluji zilikuwa tu-stroki. Mvuvi wa Kilwa au Lamu anaijua tabia yake, maana mashine nyingi za boti ni za ukoo huohuo. Oili huchanganywa na petroli, kwa kawaida sehemu moja kwa hamsini, na hakuna sampu ya oili chini. Petroli ikipungua, ulainishaji nao umepungua. Shika jambo hilo, tutalirejea wakati ndege inashuka.

Tuichukue Rotax 503, silinda mbili, cc 497, inayotoa nguvu zake kwenye mizunguko kama 6,500 kwa dakika. Ukiifunga propela ya mita 1.5 moja kwa moja kwenye krankshafti, ncha zake zitakimbia mita 510 kwa sekunde, wakati sauti yenyewe huenda kama 340. Propela ya namna hiyo hupiga kelele nyingi na kuvuta kidogo. Giaboksi ya uwiano wa 2.58 kwa 1 huishusha hadi mizunguko 2,520, ncha zikaenda mita 198, na hapo ndipo inapoanza kuuma hewa. Giaboksi hiyo ina kazi ya pili ambayo fundi mgeni haioni. Propela huivuta shafti na kuipinda kila ndege inapogeuka, na beringi za krankshafti ya theluji hazikuundwa kwa mvuto huo. Giaboksi ndiyo inayoubeba. Halafu lazima pawe na raba au springi za kumeza mapigo ya silinda mbili, la sivyo meno yatalika. Mfuko wa mwenye ndege huanza kutoboka hapa.

Kwenye theluji nguvu hupita katika puli zinazojipanua zenyewe, kama za skuta. Kazi yake ni kuiacha injini ibaki kwenye mizunguko inayoipenda, chombo kiende kasi au kitambae. Propela haina huruma hiyo. Nguvu inayoidai hupanda kwa kipeo cha tatu cha mizunguko, yaani ukipunguza mizunguko kwa nusu, inadai moja ya nane tu. Kwa hiyo injini mpya ya theluji, yenye nguvu farasi 150 zilizobanwa karibu na mizunguko 8,000 kwa eksozi iliyopimiwa hapohapo, yaweza kuwa balaa zaidi kuliko kikongwe cha miaka ya themanini. Ikikosa mizunguko yake kidogo, nguvu zinaporomoka, na propela haiisubiri ijipange. Mimi ningechukua kikongwe.

Kabureta nayo hufundishwa upya. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kwa karibu asilimia 20 kuliko ile ya nyuzi 30. Injini yenye jeti (vitundu vya kupitishia petroli) za baridi kali, ukiileta kwenye joto, itakunywa petroli kupita kiasi, itoe moshi na kulegea, hilo linavumilika. Kinyume chake ndicho kinachoua: jeti zilizopunguzwa mchana wa jua, kisha safari ya alfajiri ya baridi. Petroli haitoshi, joto linapanda, kichwa cha pistoni kinatoboka. Aliyezoea hufungua plagi baada ya kuruka na kuisoma. Ikiwa na rangi ya chokoleti, mambo ni sawa. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama mfupa, haruki tena mpaka abadilishe jeti. Kipimo cha joto la eksozi humwambia habari hiyohiyo akiwa bado angani: kwenye 503 ukomo ni nyuzi 650. Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye rangi na viti, usikibanie kipimo hicho.

Injini nyingi za theluji zina plagi moja kwa kila silinda. Ikizimika porini, unavuta kamba. Toleo la ndege la 503 lilipewa plagi mbili kwa kila silinda, kila moja na mfumo wake wa moto, na bado Rotax wenyewe huonya kwenye vijitabu vyao kwamba si injini iliyothibitishwa kwa ndege na inaweza kuzimika wakati wowote. Nalisoma onyo hilo kama kipimo cha kuchagulia ndege. Sheria ile ya 1982 inataka mwendo ambao bawa linaacha kubeba usizidi noti 24, kama kilomita 44 kwa saa. Chombo cha namna hiyo, injini ikinyamaza, kinaweza kutua kwenye kiwanja cha mpira.

Hatari nyingine huja safari ikiwa inaisha. Rubani anafunga mafuta, anashuka polepole. Upepo unaizungusha propela, nayo, kupitia giaboksi isiyo na klachi, inaizungusha injini maelfu ya mara kwa dakika, lakini petroli inayopita ni ya matone, na oili imo ndani ya petroli. Pistoni zinasugua silinda karibu kavu. Wakati huohuo injini inapoa. Akiihitaji ghafla kwa nguvu zote, pistoni za alumini hutanuka upesi kuliko silinda zinazozizunguka, zikajam. Ndiyo maana ukisimama kando ya uwanja wa vindege hivi, utasikia kimoja kikishuka kimya, kikinguruma sekunde mbili, kimya tena, kisha kikinguruma: ni rubani anaipa injini oili.