Mpunga wa Maji Mengi na Mpunga wa Maji Machache: Upi Una Faida?

Sisi wa Ankole chakula chetu ni matoke, lakini mchele nao twaula, na wenzetu wengi wa Nakivale waliotoka Kongo waujua mpunga tangu kwao. Kwa hiyo nataka kueleza njia mbili za kuulima, na kupiga hesabu yake.

Njia ya kwanza ni ya zamani. Miche hukaa kitaluni majuma matatu au manne, kisha hupandwa mitatu au minne pamoja, na maji huachwa yasimame shambani karibu mpaka mavuno. Wengi hudhani kwamba mpunga hauwezi kuishi bila kusimama majini. Sivyo. Mpunga huyavumilia tu maji yale. Faida yake kubwa kwa mkulima ni kuzuia magugu.

Njia ya pili ilianzia Madagaska. Padre Henri de Laulanié, Mjesuiti kutoka Ufaransa, aliigundua huko mwaka 1983. Mche hupandwa ukiwa na siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande. Shamba hunyweshwa, huachwa likauke mpaka nyufa ndogo zionekane, kisha hunyweshwa tena. Hivyo mizizi hupata hewa, na mche mmoja huzaa machipukizi mengi. Mbegu kilo 2 au 3 zatosha ekari moja. Huko Kenya, wakulima wa Mwea walianza kuijaribu mwaka 2009.

Sasa tupige hesabu. Maji yakipungua, magugu huota, na palizi huongezeka. Tuseme kwa mfano kwamba palizi, kusawazisha shamba na kuangalia maji vyaongeza siku 25 za kazi katika ekari moja. Tuseme tena kwamba bei ya gunia moja ni sawa na ujira wa siku 10, na mbegu zilizookolewa ni sawa na ujira wa siku 5. Mavuno yakizidi kwa magunia 4, mkulima apata 40 na 5, atoa 25, abaki na faida ya siku 20. Lakini yakizidi kwa gunia 1 tu, apata 15 na kutoa 25: amepata hasara ya siku 10, hata kama shamba lake lapendeza macho.

Je, maji yenyewe? Hapa ndipo penye fundo. Ada ya maji ikitozwa kwa ekari, anayetumia machache hulipa sawasawa na anayemwaga. Faida ya maji aliyoyaacha humwendea jirani aliye chini ya mfereji. Bali anayevuta maji kwa pampu huokoa petroli yake mwenyewe, naye huiona faida mara moja.

Kwa hiyo, asemaye kwamba njia mpya ina faida, yafaa aulizwe: faida ya nani? Wakulima wa mfereji mmoja wakipatana kugawana maji kwa zamu, wote watafaidika. Na ninyi mliotutangulia hapa shuleni, mlio na mashamba sasa, jaribuni kwanza katika kipande kidogo, mkiandika daftarini kila siku ya kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari.