Mpira wa Kufungia: Istilahi za Vifaa vya Kujizoeza Kandanda

Shule moja ya msingi isiyo mbali na Tosamaganga, mkoani Iringa, iliandika orodha ya mahitaji yake ya michezo. Katika mstari wa nne mwalimu aliandika, kwa mwandiko safi, "Mipira ya kufungia, 12". Alichokitaka ni mipira ya kandanda iliyoshikizwa kwenye kamba inayovutika, ambayo mtoto huivaa kiunoni, akaupiga mpira peke yake, nao ukamrudia. Vilivyofika shuleni ni vipande kumi na viwili vya ile mipira yenye kulabu mbili ambayo waendesha baiskeli na pikipiki hufungia mizigo nyuma ya kiti. Mnunuzi hakukosea. Mtu akiingia duka lolote la vipuri mjini Iringa na kuomba mpira wa kufungia, hicho ndicho atakachopewa. Lakini fedha ya michezo ya mwaka ule ilikuwa imekwisha.

Orodha hiyo tulionyeshwa na mwalimu mwenyewe, ambaye alituuliza swali moja tu: angeandikaje? Makala haya ni jibu letu kwake, na kwa watafsiri na watumishi wa idara za ununuzi ambao huenda wakakutana na vifaa vya namna hii. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba maneno tunayoyatoa hapa ni mapendekezo, wala hayajasanifiwa.

Tuanze na neno mpira lenyewe, kwa kuwa ndilo chanzo cha matatizo yote. Neno hili limo katika ngeli ya miti, na si kwa bahati. Mpira ni mmea, nao ni utomvu mzito wa mmea huo, na katika karne ya 19 utomvu wa mitambaa ya mwituni ulikuwa bidhaa kubwa ya pwani yetu. Kutokana na utomvu tukapata kitu chochote kilichotengenezwa nao: mpira wa kumwagilia maji bustanini, mpira wa ndani wa baiskeli, mpira wa manati, na hatimaye ule wa kuchezea. Ulipoingia mchezo wenyewe, nao ukaitwa mpira. Hivyo twaweza kusema bila kosa la sarufi kwamba watoto wanacheza mpira kwa mpira wa mpira. Katika mazungumzo hakuna anayepotea, maana macho yanasaidia masikio. Katika orodha ya manunuzi macho hayana la kusaidia.

Kitenzi kufunga kinaongeza tatizo badala ya kulipunguza. Katika lugha ya kawaida kufunga ni kutia kifundo, na katika lugha ya kandanda kufunga ni kutia bao. Mpira uliofungwa waweza kuwa mpira uliotiwa kamba, na waweza kuwa mpira uliokwisha kuingia golini. Tulipomsomea mwanafunzi mmoja maneno "mpira wa kufungwa", alidhani tunasema habari za timu inayoshindwa kila wiki. Basi, neno la kwanza lina maana nyingi mno, na la pili lina maana mbili zinazogombana katika uwanja uleule mmoja. Mwalimu wetu aliyaweka pamoja, yakampa kifaa cha tatu asichokifikiria.

Sasa nini kifanyike? Utaratibu unaojulikana wa kuunda istilahi, unaofuatwa na Baraza tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo tugeukie lugha nyingine. Ndani ya Kiswahili lipo neno kigwe, yaani kamba nyembamba iliyosokotwa, na ndilo jina la kamba za hatamu anazoongozewa mnyama. Maana hiyo inatufaa sana, kwa sababu kazi ya kamba ya kifaa hiki ni ileile ya hatamu: inamwacha mnyama aende, kisha inamrudisha. Tunapendekeza, kwa hiyo, mpira wa kigwe. Wingi mipira ya kigwe.

Walimu wawili walitupinga. Walisema kigwe ni neno la watu wa pwani, na kwamba wao, waliozaliwa nyanda za juu, hawajapata kulisikia. Hoja yao ina uzito, nasi hatuidharau. Hata hivyo, neno geni lenye maana moja hufundishika kwa siku moja, lakini neno la kawaida lenye maana sita haliachi kutatiza hata likifundishwa mwaka mzima. Tena walimu hao hao hulitumia neno istilahi kila siku, nalo halikuzaliwa Uhehe.

Limebaki swali la kile kinachovutika. Katika vitabu vya sayansi tunalo neno unyumbufu, na mtu angeweza kuandika kigwe kinyumbufu. Neno ni zuri, ila muuza duka hatalielewa. Mafundi cherehani wote wanajua lastiki, nasi hatuoni aibu kulitumia. Katika hati ya zabuni, basi, tungeandika mara ya kwanza: "mpira wa kandanda wenye kigwe cha lastiki na mkanda wa kiunoni". Baada ya hapo jina fupi, mpira wa kigwe, latosha.

Kifaa cha pili ni kikongwe kuliko vyote, nacho ni ukuta. Tosamaganga ni mahali pa kulitazama jambo hili, kwa kuwa misheni yake ya tangu mwisho wa karne ya 19 iliacha majengo ya matofali ya kuchoma, na penye ukuta mrefu usio na madirisha hapakosi mtoto mwenye mpira, wala hapakosi mtu mzima wa kumfukuza. Ukuta humfundisha mchezaji mambo mengi bila kusema neno. Mpira uliopigwa wima hurudi wima. Uliopigwa upande hukimbilia upande wa pili kwa mshazari uleule. Aliyeupiga kwa nguvu hana budi kuutuliza kwa wepesi. Mpira wa matambara, kwa upande wake, ukigonga ukuta huanguka papo hapo kama mzigo wa nguo, kwa sababu hauna hewa ndani. Ndiyo maana wenye mpira wa matambara hujizoeza danadana na chenga, na wenye mpira wa upepo hujizoeza pasi. Kifaa ndicho kinachoamua ufundi.

Viwandani ukuta umeigwa kwa fremu ya chuma iliyowambwa wavu uliokazwa kwa springi au lastiki. Wavu ukiinamishwa nyuma, mpira hurudi juu, na mchezaji akautuliza kwa kifua au kwa paja. Ukisimama wima, hurudi chini kwa chini. Mtafsiri wa kwanza tuliyemsoma aliuita "wavu wa mazoezi". Jina hilo halifai, kwa kuwa wavu katika kandanda ni wa golini, na mpira ulio wavuni haurudi. Wa pili aliuita "kirejeshi". Huyu aliunda neno kwa kanuni nzuri kabisa, bali hakukumbuka kwamba kila mwalimu wa Kiswahili analijua neno hilo katika somo la sarufi, pamoja na o-rejeshi na amba-. Shule yenye kirejeshi uwanjani na kirejeshi ubaoni itawachanganya wanafunzi wasio na hatia.

Sisi tunafuata njia ya kipaza sauti na kinasa sauti, maneno ambayo wananchi waliyapokea bila kushurutishwa kwa sababu yanasema kazi ya kifaa na kile kinachofanyiwa kazi hiyo. Kwa kigezo hicho tunapata kirudisha mpira. Ukuta ubaki ukuta. Ikiwa umejengwa kwa ajili hiyo hasa, uitwe ukuta wa kujizoezea.

Hapo tumeligusa neno ambalo, kwa maoni yetu, ndilo ufunguo wa somo zima. Watafsiri wengi husumbuka kutafuta namna ya kusema kwamba mchezaji anafanya mazoezi akiwa peke yake. Wengine huandika "mazoezi ya pekee", na msomaji akadhani ni mazoezi ya namna isiyo na mfano. Wengine huandika "mazoezi ya upweke", kana kwamba mtoto amefiwa. Walio wengi huandika "vifaa vya mazoezi binafsi", na hili ndilo la hatari kuliko yote ofisini, kwa sababu neno binafsi tunalitumia kwa shule binafsi na mali binafsi. Karani makini wa fedha akiona fedha ya umma inaombwa kwa vifaa binafsi atairudisha barua, na atakuwa na haki. Barua itarudi wilayani, itapanda tena, na mwalimu atapigwa danadana hadi muhula uishe. (Wasomaji wataona kwamba maana hii ya ofisini tuliikopa uwanjani.)

Kumbe Kiswahili kinalo jibu ndani ya kitenzi. Kuzoeza ni kumpa mtu mazoezi. Kujizoeza ni kujipa mwenyewe. Silabi moja ji- imebeba mwalimu na mwanafunzi katika mwili mmoja. Vifaa vyote tunavyovieleza hapa, basi, ni vifaa vya kujizoeza, wala havihitaji kivumishi chochote. Haja ya jina hili ilidhihirika mwaka 2020, shule zilipofungwa na ligi kusimamishwa mwezi Machi kwa sababu ya UVIKO-19, hata mwezi Juni. Katika miezi ile hata mchezaji wa Lipuli au wa Mbeya City alikuwa mtu mmoja, mpira mmoja na uwanja wa nyumba yao.

Vifaa vilivyobaki havina ugomvi mwingi. Mpira unaotundikwa kwenye mlingoti ili mchezaji aruke na kuupiga kichwa, kifaa ambacho Wajerumani wamekitumia kwa miaka mingi, tunapendekeza uitwe mpira wa bembea. Pendulumu tuwaachie wanafizikia. Turubai lenye matundu linalotandazwa golini liitwe turubai la shabaha. Sanamu inayosimamishwa badala ya mlinzi iitwe beki bandia. Vijiti vya kuzungukwa kwa chenga ni vijiti tu, na katika mkoa ambao mwanzi hupandwa kwa ajili ya ulanzi hakuna sababu ya kuviagiza kutoka nje.

Watafsiri wa magazeti wametuuliza pia juu ya Footbonaut, mtambo uliobuniwa na Mjerumani Christian Güttler na kutumiwa na klabu ya Borussia Dortmund tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mchezaji husimama katikati ya uwanja mdogo wa mraba wenye upande wa mita 14, uliozungukwa na mashine 8 za kurusha mpira na vidirisha 64. Mashine hurusha, kidirisha kimoja huwaka taa, naye hutakiwa kuutuliza mpira na kuupeleka huko mara moja. Hilo ni jina la mtambo mmoja mahususi, lisitafsiriwe. Mitambo ya jamii hiyo yaweza kuitwa vizimba vya kujizoezea, ingawa ndugu zetu wa mahakamani watacheka kusikia mchezaji anapandishwa kizimbani kila asubuhi.

Hapa pana jambo ambalo limetushangaza kidogo. Maneno ya kanuni za kandanda aghalabu yamekopwa: refa, penalti, kona, faulo. Kuotea ni mojawapo ya machache yaliyoponyoka. Maneno ya ufundi wa mguu, kinyume chake, ni yetu karibu yote: danadana, chenga, kanzu, tobo. Tunadhani sababu ni kwamba kanuni zilifika zimeandikwa kitabuni, zikasomwa na watu wazima, ilhali ufundi ulikua uani na njiani, miongoni mwa watoto wasiokuwa na kitabu. Mholanzi Wiel Coerver, aliyeiongoza Feyenoord kutwaa Kombe la UEFA mwaka 1974, alijulikana baadaye kwa kuugawa ufundi wa mpira vipande vidogo vidogo vya kujizoeza kimoja kimoja. Mtafsiri wa mafunzo ya namna hiyo asiagize maneno kutoka mbali kabla hajakaa nusu saa penye chandimu.

Sisi tulikaa. Katika shule ile ya mstari wa nne, vile vipande kumi na viwili havikutupwa. Watoto waliomba mifuko ya wavu ya vitunguu, wakatia mpira ndani ya kila mfuko, wakakunja mdomo wa mfuko na kuupachika kulabu moja ya ule mpira wa mizigo. Kulabu ya pili ikashikizwa kwenye mkanda wa suruali. Kulabu ilikuwa ikichomoka kila baada ya mapigo machache, mpaka mmoja wao alipoizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Tulipomuuliza kijana huyo kifaa chake kinaitwaje, alijibu kwamba kinaitwa nirudie.

Mwalimu alitutazama, nasi tukaandika. Nirudie halimo katika kanuni yoyote ya uundaji wa istilahi tunayoifahamu, na katika hati ya zabuni lingezua maswali. Hatujaamua tulifanyeje. Vilevile hatujapata jina la kuridhisha la vile vyombo vyekundu vyenye ncha vinavyopangwa uwanjani: pia ni neno la hesabu tunalolipenda, lakini katika sentensi hugeuka kiunganishi, na koni huwapeleka watoto kwenye barafu tamu. Wasomaji wenye maoni juu ya maneno haya mawili watuandikie kabla ya toleo lijalo.