Mnada wa foleni: Kompyuta inapomtetea mgonjwa

Mkulima wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa hahitaji kuelezwa mnada ni nini. Kwa miaka mingi wanunuzi walitumbukiza zabuni zao kwenye sanduku, na katika msimu wa 2024/2025 walianza kushindana kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Wasichojua wengi ni kwamba wataalamu wa kompyuta waliwahi kuubuni mnada wa namna hiyo kwa ajili ya kupanga foleni za hospitali.

Foleni ni gharama. Mtu anayetoka Kilimarondo kwenda hospitali mjini Nachingwea mwezi Novemba, korosho zikiwa zimeanguka chini ya mikorosho, hupoteza siku ya kuokota na nauli. Gari likimwacha, anatafuta na pa kulala. Tena muda wake mwingi haumalizikii kwa daktari. Anasubiri kuandikishwa, anamwona daktari, anatumwa maabara, pengine eksirei, anarudi kwa daktari, ndipo aende dirisha la dawa. Kila chumba kina foleni yake, na mara nyingi hakijui ya mwenzake.

Mwaka 2003 watafiti kutoka Ujerumani, Uingereza na Marekani, wakiwamo Nicholas Jennings na Keith Decker, walichapisha njia ya kukabili tatizo hilo. Kila mgonjwa hupewa wakala ndani ya kompyuta, yaani programu ndogo inayomtetea yeye peke yake. Maabara nayo ina wakala wake, eksirei wake. Mawakala wa wagonjwa hushindania nafasi, kisha huuziana. Bei si shilingi, bali ni madhara ya kiafya anayopata mgonjwa kwa kusubiri.

Tuchukue mfano. Nafasi ya maabara ya saa 4:00 asubuhi ameshika mzee mwenye maumivu ya goti, anayehitaji pia eksirei. Anafika mama mwenye mtoto anayechemka homa. Wakala wa mtoto anataja bei kubwa, kwa sababu kila saa inayopita inamwumiza. Wa mzee anaona hasara yake ni ndogo, anaachia nafasi na kuchukua ya eksirei iliyo wazi. Ratiba za wawili hao zimebadilika. Za wengine hazikuguswa. Ratiba iliyoandikwa asubuhi na mtu mmoja huvurugika dharura ya kwanza inapoingia.

Kwa maoni yangu, nguvu ya mfumo iko kwenye hiyo bei. Ingekuwa fedha, mwenye duka angemruka kibarua. Lakini na udhaifu uko hapo hapo: karani akiwaandika jamaa zake wote kuwa mahututi, ni sawa na kutia mchanga kwenye gunia na kuliita daraja la kwanza. Wala programu haizai mtaalamu wa maabara pale asipokuwapo.

Hospitali nyingi za serikali nchini zinatumia mfumo wa GoT-HoMIS kwa usajili, malipo na kumbukumbu. Hapo ndipo pa kuanzia, na si kwa mawakala: daktari aone kwenye kompyuta yake maabara ina watu wangapi kabla ya kumtuma mgonjwa wa 40. Kisha zihesabiwe saa, tangu mtu anaandikishwa mpaka anatoka na dawa mkononi, mwezi wa Novemba na mwezi wa Machi.