Kuku Mkorofi na Haki ya Jirani



Wengi wetu wenye mikarafuu tuna kuku wachache uani, na katika hao aghalabu hakosekani mmoja mkorofi, adonoaye wenziwe mpaka wakatoka damu na kuwazuia wasile. Tukishachoka naye, humfunga miguu tukampa jirani. Twaona yafaa kuyafikiri mambo matatu kwanza.

La kwanza, tumwangalie vizuri. Kuku wana daraja zao. Mtaalamu wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza mwaka 1922 kwamba katika kundi kila kuku humjua wa kumdonoa na wa kumkimbia. Basi kudonoana kidogo si ukorofi. Wala koo mwenye vifaranga si mkorofi. Analinda wanawe, na wakishakua atatulia.

La pili, tulitazame banda. Kuku waliobanana, wenye chombo kimoja cha chakula na kiota kimoja, hugombana hata wawe wapole. Katika mita moja ya mraba wasizidi kuku watatu au wanne. Chakula kiwekwe mahali pawili au patatu, na kila kuku wanne au watano wapate kiota chao. Pumba tupu haziwatoshi, wachanganyiwe dagaa. Aliyejeruhiwa atengwe mpaka apone, kwani wekundu wa damu huwavuta wengine wamdonoe zaidi. Mkorofi naye atengwe siku chache mahali asipowaona wenziwe. Akirudi, mara nyingi hukuta nafasi yake imekwisha kushikwa, na ukali hupungua.

La tatu, ikiwa hayo yote hayakufaa, na ahamishwe, lakini kwa haki. Sote twajua mnunuzi anavyoudhika akizikuta karafuu zimechanganywa na makonyo. Na kuku ni vivyo hivyo: ila yake itajwe kabla hajapokelewa. Apewe mwenye kuku wakubwa na uwanja wa kutosha, si mwenye vifaranga. Asitolewe kamwe ikiwa kundi lina ugonjwa. Kideri huweza kumaliza kuku wa mtaa mzima, nacho hakina dawa. Kinga yake ni chanjo. Mpokeaji amweke mbali na kuku wake wiki mbili au tatu, kisha waonane kwa wavu siku kadhaa, ndipo amwingize bandani usiku, wenzake wamekwisha lala. Tenga alilochukuliwa lioshwe na likaushwe juani kabla ya kurudishwa.

Asiyepata wa kumpokea, basi chungu hakimkatai kuku mkali.

Bei ya kuku mmoja ni ndogo. Lakini jirani aliyepoteza kundi lake zima kwa sababu ya kuku tuliompa hatakuwa mwepesi kuitika tutakapomwita msimu wa kuchuma.