Mtu Mzima Kuingia Chuo cha Upishi si Aibu

Wako watu ambao kila wamwonapo mtu wa makamo amebeba daftari kwenda chuoni huangua kicheko. Na chuo chenyewe kikiwa cha upishi, kicheko huzidi. Mama mwenye wajukuu akivaa aproni nyeupe na kusimama mstari mmoja na wasichana wa umri wa binti yake, wao huuliza: huyu anakwenda kufundishwa nini, naye amepika maisha yake yote? Kisha humalizia kwa methali: "Samaki mkunje angali mbichi."

Sisi twaona kwamba kicheko hicho hakina msingi, tena kinawadhuru wafanyakazi. Methali hiyo wazee wetu waliisema juu ya malezi ya mtoto. Hawakuisema ili mtu mzima azuiwe kujifunza kazi, kwani wao hao ndio waliosema kwamba elimu haina mwisho. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, babu na bibi zetu walishika kalamu mbele ya watoto wao, wala heshima yao haikupungua.

Ama swali la kwamba afundishwe nini, jibu lipo. Kupika nyumbani ni jambo moja, na kupika kuwe kazi ni jambo jingine. Nyumbani mama hukadiria chumvi kwa kiganja, na chakula kikawa kitamu. Lakini penye walaji 200, kiganja hakitoshi. Hapana budi kuwe na mizani, ili sahani ya leo ilingane na ya kesho. Chuoni hufundishwa kushika kisu kwa namna isiyokata kidole wala kuchosha mkono. Hufundishwa kwamba ubao uliokatiwa nyama mbichi usikatiwe kachumbari, na kwamba chakula kisiachwe muda mrefu katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Sentigredi, maana hapo ndipo vijidudu huzaana upesi. Hufundishwa pia hesabu ya sahani moja: mchele, mafuta, mkaa, na jasho la mpishi mwenyewe. Wangapi wameuza wali miaka mingi pasipo kujua kama wapata faida au hasara?

Tuchukue mfano unaojulikana. Julia Child, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1912, aliingia chuo cha Le Cordon Bleu mjini Paris mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 37. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mtumishi wa idara ya ujasusi ya nchi yake huko Ceylon na China. Kazi ya jikoni hakuwa nayo. Chuoni alisoma pamoja na wanaume waliotoka vitani, na mwalimu wake, Max Bugnard, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1951 alifanya mtihani, akaanguka. Alikuwa amejiandaa kwa mapishi magumu, kumbe aliulizwa mambo madogo ya wanaoanza, naye hakuyashika. Alirudi kuyasoma, akatahiniwa tena, akafaulu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kikubwa cha upishi wa Kifaransa, na mwaka 1963 akaanza kuwafundisha Wamarekani kwa televisheni. Alifariki mwaka 2004, zikiwa zimebaki siku mbili atimize miaka 92.

Lakini tusijidanganye. Bibi huyo hakuwa na wasiwasi wa chakula cha kesho, kwani mumewe alikuwa mtumishi wa serikali. Mama lishe wetu akifunga genge siku moja, jioni watoto humtazama mikononi. Asiposoma, hukutana na ukuta mwingine: aombapo kazi ya jiko la hoteli huulizwa cheti, na kijana aliyefundishwa naye kumenya vitunguu huajiriwa mbele yake kwa kuwa anacho. Huyo ndiye anayechekwa!

Njia ipo. Hapa Tanzania VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inao utaratibu wa kuwapima watu waliopata ujuzi wao kazini, wakiwamo wapishi, na kuwapa vyeti kwa kile wanachokijua. Kwa hiyo mtu wa miaka 50 hatakiwi aanze kana kwamba hajapata kuona sufuria. Atasoma yale aliyopungukiwa.

Basi twasema hivi. Vyuo vizidishe masomo ya jioni na ya muda mfupi, ili mtu asilazimike kuchagua kati ya daftari na mkate. Waajiri wampe nafasi mfanyakazi wao anayetaka kusoma. Waume na watoto washike mwiko nyumbani. Asomaye akirudi usiku akakuta vyombo vichafu vinamngoja, masomo hayo hayatafika mwisho.

Nawe ndugu uliyekwisha kuota mvi, ukifika chuoni liache mlangoni lile neno la "mimi nimepika miaka 20." Miguu itauma kwa kusimama, na kijana atakuonyesha namna ya kukata karoti. Msikilize. Vilevile msaidie kwa yale usiyoweza kuyapata katika daftari: kujua kwa harufu kwamba mafuta yameanza kuungua, na kuwa na subira siku walaji wanapozidi chakula. Utu uzima ni dawa, na asiyeuliza hana ajifunzalo.