Mluzi wa Upepo Garini: Alichokigundua Mama kwa Kidole

Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga, mwezi wa Aprili, wiki ya kwanza nilidhani amenuna. Tukiwa nyumbani hapa Akalla anaongea vizuri, anamtania mjukuu wake, ananisimulia harusi na misiba yote niliyoikosa. Tukiingia kwenye gari na kushika barabara ya E4, kimya. Namuuliza jambo, anaitikia "Ehee", kisha anageukia dirisha.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nilianza kuhofia masikio yake. Siku tuliyotoka Uppsala kuwaona ndugu, nilipoegesha gari nikamuuliza kama hasikii vizuri. Akacheka. "Mwanangu, masikio yangu mazima. Humu nyuma upepo unapiga mluzi kama birika lililochemka."

Mimi na mume wangu tulishauzoea ule mluzi. Gari letu lina zaidi ya miaka kumi, na tulisema ni uzee tu. Lakini viza ya Mama ilikuwa ya siku 90, na sikutaka siku hizo ziishe tukipigiana kelele garini. Nikapigia simu gereji moja. Bila hata kuliona gari, wakasema tubadilishe mipira ya milango yote minne, kwa kronor zaidi ya elfu sita.

Kazini hatumpi mgonjwa dawa kabla ya kujua anaumwa wapi. Nikaamua kulipima gari kwanza.

Ni upepo kweli?

Sauti ya tairi hubadilika lami inapobadilika, na tairi za misumari za majira ya baridi zina ngurumo yake. Sauti ya injini hupanda na kushuka ukibadilisha gia. Sauti ya upepo hufuata mwendo na upande upepo unakotoka: husikika zaidi ukipita pembeni ya lori au ukitokea uwanda wazi. Yetu ilianza kwenye kilomita 80 kwa saa, na kwenye 110 ilikuwa kilio. Kama una keria juu ya gari, itoe kwanza ujaribu, maana mara nyingi ndiyo inayopiga mluzi. Sisi tuliitoa, mluzi ukabaki.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Gari likisimama, mlango unaonekana umebana sawasawa. Likienda kasi, hewa inayopita ubavuni inakuwa na mgandamizo mdogo kuliko hewa ya ndani, kwa hiyo mlango na kioo huvutwa nje kidogo. Mpira uliochoka haufuati mvuto huo, na mwanya mdogo unafunguka.

Nilianza mlango usio

Jumamosi nilishuka maegeshoni na vipande vya karatasi. Unafungia karatasi mlangoni, kisha unaivuta taratibu. Ikigoma kidogo, mpira unabana. Ikiteleza bila kugoma, hapo pana tatizo. Nikapima milango ya mbele yote miwili, kila baada ya sentimita kumi. Mizima. Nilikuwa nimepima nilipokaa mimi, si alipokaa anayelalamika.

Mama alikuwa kando, amejifunga khanga juu ya koti. Akafungua mlango wa nyuma kushoto, akapitisha kidole juu ya fremu, akanionyesha. Vumbi. Karibu fremu yote ilikuwa safi, ila kwenye kona ya juu palikuwa na mstari wa kijivu ulioingia hadi ndani.

"Zamani tukienda Pangani, kabla ya lami, mlango mbovu ulijulikana kwa vumbi," akasema.

Wanaoishi hapa wanajua: wakati wa baridi njia humwagiwa kokoto ndogo ili watu wasiteleze, na theluji ikiyeyuka vumbi lake hutanda mtaa mzima. Hewa inayopiga mluzi ndiyo iliyobeba lile vumbi.

Nikahakikisha kwa njia tatu. Karatasi kwenye kona ile iliteleza kama hakuna kilichoishika. Kisha nikafunga vioo, nikawasha feni hadi mwisho ikivuta hewa ya nje, nikatoa kile kisahani cha stetoskopu yangu ya zamani na kupitisha mdomo wa mpira wake ukingoni mwa mlango kwa nje. Penye kona nikasikia hewa ikitoka, "sss". Mwisho nikaziba mwanya wa kona kwa tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, tukaenda E4, mume wangu akiendesha na mimi nikisikiliza nyuma. Kimya. Tukasimama mahali salama, nikaibandua, mluzi ukarudi.

Tiba

Mpira ulikuwa umechanika na kukunjika. Kosa ni langu. Januari, mlango ukiwa umeganda kwa barafu, nilikuwa naunyakua kwa nguvu ili nimwahishe mtoto na niwahi zamu.

Mpira ukiwa mchafu au mkavu tu, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ukauke kabisa, kisha upake dawa ya silikoni kwa kitambaa. Usipake grisi wala Vaseline, kwani mafuta ya petroli huulegeza na kuuvimbisha mpira.

Ukichanika, badilisha. Wetu mpya ulitugharimu kronor 480, mlango mmoja tu. Safisha fremu, anzia kona, bonyeza kwa vidole bila kuuvuta. Ukiuvuta leo, kesho utajikunja na kuacha pengo.

Mpira ukiwa mzima lakini karatasi inateleza, huenda mlango haubani. Ile pete ya chuma nguzoni inayoshikwa na kitasa inaweza kusogezwa ndani kidogo. Chora alama mahali ilipo kabla ya kulegeza skrubu, usogeze kidogo sana, na ujaribu kufunga mlango taratibu. Usiukunje mlango kwa mikono, wala usijaze gundi kwenye fremu. Na kama sauti inatoka kioo cha mbele, mwachie fundi wa vioo. Kile kimegundishwa na ni sehemu ya uimara wa gari.

Kazi yote ilituchukua chini ya saa mbili. Sasa kila Novemba, kabla barafu haijaanza, napaka silikoni mipira yote. Mlango ukiganda, nausukuma kwanza kuvunja barafu, ndipo nauvuta polepole.

Siku 90 zilipoisha tulimsindikiza Mama Arlanda. Ni kama nusu saa tu kutoka kwetu. Alianza kuongea kabla hatujafika E4: nani nimpigie simu, nani ameniulizia, shamba la baba lipimwe lini, na kwa nini nisimkaripie mtoto mbele ya wageni. Sikuikosa hata sentensi moja.